Winchi ya jirani inazunguka yenyewe usiku: je, breki zimekufa?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Upanga, ghorofa ya tatu, na watoto watatu. Nyuma yetu wanajenga ghorofa refu na wamesimamisha winchi mbili, zile za mnara, moja imeizidi nyingine urefu. Tangu Juni upepo ulipoanza kukaza, nikiamka usiku kunyonyesha naiona ile ndefu inazunguka yenyewe polepole, kibanda hakina taa wala mtu. Juzi mkono wake ulikuwa juu ya paa letu, kulipokucha umeelekea baharini. Mume wangu anasema breki zimekufa na wanatakiwa waifunge kwa minyororo. Mlinzi wao ananiambia niondoe wasiwasi, winchi za siku hizi zina kompyuta, haziwezi kuanguka. Mwanangu mkubwa anaogopa zitagongana. Mwezi uliopita wamefunga bango kubwa la kitambaa kwenye mkono wa hiyo ndefu, usiku linapigapiga kama tanga. Na mchana nondo zinapita juu ya ukuta nilipoweka meza yangu ya chapati. Niogope nini, na nisiogope nini?"*

Dada yangu, swali lako lina hofu nne ndani yake, na ile inayokunyima usingizi ndiyo nyepesi kuliko zote. Winchi inayozunguka yenyewe usiku haijaharibika, imeachiwa kwa makusudi. Opereta anapomaliza zamu, kabla hajaanza kushuka ngazi, analegeza breki ya mzunguko ili mkono uwe huru kufuata upepo. Angeondoka ameifunga, hapo ndipo ningekuambia uchukue watoto ukalale kwa ndugu.

Ukipata nafasi, pita Msasani jioni utazame ngalawa zilizotia nanga. Zote zinaangalia upande mmoja, kama zimeambizana. Upepo ukigeuka, nazo zinageuka. Hakuna nahodha anayefunga chombo chake mbele na nyuma kikabaki kimekaa ubavu kwa mawimbi, maana anajua asubuhi atakuta mbao. Winchi nayo ni hivyo hivyo. Mbele ina mkono mrefu, mara nyingi mita 50 au 60, nyuma ina mkia mfupi uliobeba mawe ya zege ya kusawazisha. Upepo unaukamata mkono mrefu kuliko mkia, basi unausukuma mpaka uelekee kule upepo unakokwenda. Hapo unatulia.

Kuna siri moja hapa ambayo hata mafundi wengine hawaijui. Winchi isiyo na mzigo haijasimama sawa kabisa. Yale mawe ya zege yanaivuta nyuma, kwa hiyo mnara umeinama kidogo kuelekea mkia. Mkono ukishafuata upepo, mkia ndio unaoupokea upepo. Upepo unasukuma kwenda mbele, mawe yanavuta kurudi nyuma, na viwili hivyo vinapunguziana nguvu. Sasa chukua winchi ileile, uifunge kwa minyororo kama shemeji yangu, mumeo, anavyotaka, halafu upepo uje ukitokea upande wa ncha ya mkono. Upepo unasukuma nyuma, mawe yanavuta nyuma, na mnara unabeba vyote viwili kwa pamoja. Ukija ubavuni, unaukuta mkono wote mita 60 umetandazwa kama ukuta. Mwambie shemeji nia yake ni njema, ila minyororo ndiyo ingeiangusha.

Na upepo hauongezeki nguvu kama watu wanavyodhani. Mwendo wake ukiwa maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unasukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 6 hivi. Ukifika kilomita 72, ni kilo 25. Winchi nyingi za mnara zimeandikwa kwenye vitabu vyake kwamba kazi isimame upepo ukifika kilomita 72 kwa saa, na saiti zenye watu makini husimama mapema zaidi ya hapo. Ndiyo maana juu kabisa ya winchi utaona kidude chenye vikombe vitatu vinavyozunguka. Hicho ni kipima upepo, na namba zake opereta anazisoma kibandani.

Kwa nini mkono ulikuwa juu ya paa lenu usiku na asubuhi umeelekea baharini? Kwa sababu Julai hapa kwetu mchana kusi inapiga ikitokea upande wa bahari, na kuelekea alfajiri inapoa, unaingia umande, ule upepo wa nchi kavu ambao wavuvi wa Feri wanautegemea kutokea. Ukitaka kuhakikisha, alfajiri moja angalia winchi nyingine zinazoonekana kutoka dirishani kwako. Zikiwa zinaangalia upande mmoja, au karibu upande mmoja, ujue zote zimeachiwa sawasawa. Ikiwa moja imekaa kinyume na wenzake, siku nzima ya Jumapili haisogei wakati nyingine zinasogea, hiyo ndiyo ya kuulizia.

Lakini nisikudanganye kwamba kila mzunguko ni salama. Unaouelezea wewe ni wa polepole, wa kwenda na kurudi, na huo ni wa kawaida. Ukiona winchi inazunguka duara zima, tena na tena, inazidi kuchanganya kama feni, hilo ni jambo jingine. Hutokea hasa pale upepo unapovunjwa na majengo marefu yaliyoizunguka, ukawa unaipiga mkono kwa vipande kutoka pande tofauti. Upanga na Posta sasa zimejaa majengo ya namna hiyo, wakati vitabu vingi vya winchi vinachukulia upepo unafika bila kukwama popote. Ukiona hivyo, ondoka eneo la chini yake na upige 114 Zimamoto, hata kama ni saa nane usiku.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe umelitaja kwa mstari mmoja, mimi likanisimamisha: lile bango. Mkono wa winchi umejengwa kwa vyuma vilivyopishana ili upepo upite katikati. Ukishafunga kitambaa, umeziba matundu. Tufanye bango lina urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2, yaani mita 20 za mraba. Kwenye upepo wa kilomita 72 hicho kitambaa kinaongeza kama nusu tani ya msukumo, mahali ambapo aliyepiga hesabu za winchi hakuuweka. Tena kuna ubaya mwingine. Bango likifungwa karibu na mnara, au kwenye mkia, linaweza kuharibu ule uwiano wa mkono na mkia kiasi kwamba winchi inashindwa kufuata upepo. Inakaa ubavu au inazunguka ovyo. Watengenezaji wanaruhusu mabango, lakini kwa ukubwa na mahali palipoandikwa kwenye kitabu cha winchi hiyohiyo. Kwa hiyo kapige picha ya bango kutoka dirishani, uende nayo kwa afisa usalama wa saiti na umuulize swali moja tu: "Ukubwa na mahali pa bango hili vimeandikwa wapi kwenye kitabu cha winchi?" Akiweza kufungua ukurasa, vizuri. Akianza kukuambia habari za matangazo ya kampuni, umeshapata jibu.

Tuje kwa mlinzi na kompyuta yake. Hajakosea yote. Winchi ya mnara inayosimamishwa na kushushwa haraka ilibuniwa na Hans Liebherr huko Ujerumani mwaka 1949, nchi ikijijenga upya baada ya vita, na tangu hapo mainjinia wameongeza mengi. Nitakueleza lile lenye uzito zaidi. Winchi haijali uzito wa mzigo peke yake, inajali uzito na umbali kutoka kwenye mnara. Tani 10 zikiwa mita 12 kutoka mnarani ni sawa na tani 2 zikiwa mita 60. Ni kama kushika ndoo ya maji: karibu na kifua unaweza kuzungumza huku umeibeba, lakini nyoosha mkono na ndoo hiyohiyo itakuangusha. Kwa hiyo hatari kubwa huwa kwenye toroli, yaani kile kigari kinachotembea chini ya mkono na mzigo. Opereta ananyanyua nondo karibu na mnara bila shida, anaisukuma nje, na kila mita inayokwenda inazidi kuwa nzito kwa winchi ingawa mizani ingesoma vilevile.

Ili kuzuia hilo, kwenye kichwa cha winchi kuna kifaa cha kupima mzigo na umbali kwa pamoja. Winchi nyingi wanatumia vipande viwili vya chuma vilivyopinda, vimeshikizwa kwenye chuma cha winchi yenyewe. Mzigo ukizidi, chuma hicho kinanyumbuka kwa kiasi ambacho jicho halioni, vile vipande vinasogea na kubonyeza swichi. Kupandisha mzigo kunakatwa, kusogeza toroli nje kunakatwa. Opereta anabakiwa na kushusha na kurudisha ndani. Winchi mpya zinafanya hesabu hiyo kwa kompyuta, zinamwonyesha opereta kwenye kioo amebakiwa na kiasi gani, na zinaanza kumpigia honi kabla hajafika kikomo.

Ni kifaa kizuri mno. Na niliwahi kupanda mnara mmoja mjini hapa nikakuta swichi hiyo imekazwa kwa waya wa kufungia nondo, ule mwembamba wa mafungu, ili isibonyee. Nilipomuuliza fomeni akasema ilikuwa "inawasumbua" siku za kumwaga zege. Waya ulikuwa umeshika kutu, maana yake haukufungwa jana. Kwa hiyo mlinzi akikuambia kompyuta haishindwi, mkubalie, kisha umuulize nani aliikagua mara ya mwisho na lini.

Hiyo hofu ya mwanao ya winchi kugongana ni ya akili, mpe hongera. Ndiyo sababu moja imezidi nyingine urefu: mkono wa juu unapita juu ya mkono wa chini bila kugusana. Zipo pia winchi zisizo na kile kichwa kilichochongoka juu ya mkono, tambarare kabisa, na hizo zinaweza kupishana kwa kimo kidogo zaidi. Mchana winchi zenye mfumo wa kuzuia kugongana zinapeana taarifa za mahali zilipo, zikikaribiana mfumo unapunguza mwendo na kusimamisha. Mfumo huohuo unaweza kuwekewa eneo lililokatazwa, mfano ua wa shule au nyumba yenu, na mzigo ukilikaribia winchi inasimama. Ila usiku umeme umezimwa, mkono uko huru, na hakuna kompyuta inayouzuia kupita juu ya paa lenu. Kinachowalinda usiku ni mambo mawili ya kizamani: kulabu iwe imepandishwa hadi juu bila kitu chochote kining'inie, na toroli iwe imerudishwa pale kitabu kinapoelekeza, kwa kawaida karibu na mnara. Winchi ndefu ikiachwa na waya unaning'inia mita 20 chini, waya huo utaukuta mkono wa ile fupi. Hili unaweza kuliona kwa macho ukiwa umempakata mtoto: kulabu iko juu au iko chini?

Mnara kuinama kidogo mbele wakati wa kunyanyua na kurudi unapotua mzigo usikutishe. Chuma kisichonyumbuka ndicho kinachokatika.

Kuna siku moja hukuiuliza, na mimi ndiyo ninayoiogopa kwa niaba yako: siku ya kurefusha mnara, na siku ya kuushusha. Jengo likipanda, winchi inapanda nalo. Wanafunga kizimba cha chuma kuuzunguka mnara, wanafungua bolti au pini, jeki ya mafuta inaisukuma sehemu yote ya juu, kisha wanaingiza kipande kipya kwenye nafasi iliyopatikana. Kwa muda huo kichwa, mkono, mkia na mawe yote vimeshikwa na kizimba na jeki, na kinachozuia visipinduke ni usawa. Ndiyo maana wananing'iniza uzito maalumu kwenye kulabu, mahali palipopimwa, na mkono hauruhusiwi kuzunguka hata kidogo. New York, Machi 2008, wakati wa kurefusha winchi, mikanda iliyoshikilia kola nzito ya chuma, ile inayouzunguka mnara na kuushikiza kwenye jengo, ilikatika, kola ikaporomoka na winchi ikaanguka, watu 7 wakafa. Seattle, Aprili 2019, waliokuwa wakishusha winchi walikuwa wametoa pini nyingi mapema ili kuokoa muda, upepo mmoja ukaja, na watu 4 wakafa, wengine wakiwa kwenye magari yao barabarani. Na Agosti 2021 winchi ilianguka Kilimani, Nairobi, ikaua wafanyakazi. Winchi za kisasa zilikuwapo miaka yote hiyo.

Utaijua siku hiyo kwa kuangalia. Mkono umetulia kimya, kipande cha mnara kinaning'inia, wanaume wanne watano wako ndani ya kizimba katikati ya mnara. Waombe ofisi ya saiti wawatangulizie tarehe, wafunge njia, na siku hiyo hamisha watoto na meza. Ikifanyika upepo unavuma mpaka nguo zinaruka kambani, usibishane na mtu, ondoka.

Wengi watakutajia pia Makka, Septemba 2015, winchi ilipoanguka Msikiti Mkuu na kuua zaidi ya watu 100. Ile haikuwa ya mnara, ilikuwa ya kutembea kwa minyororo kama tingatinga, na mkono wake uliachwa umesimama katika dhoruba kinyume na maelekezo ya mtengenezaji. Kwa hiyo TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali, kama walivyofanya Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, hiyo ndiyo siku ya kwenda getini kuuliza kama winchi zimeachiwa.

Hewa ya chumvi nayo tusiisahau, kutoka kwenu baharini ni karibu. Bolti za mnara zikilegea, mara nyingi hutoa michirizi ya kahawia chini ya kichwa cha bolti, kama machozi ya kutu. Kutu juujuu kwenye rangi ni jambo la kawaida Dar. Machozi yanayotoka kwenye kiungo kimoja, mapya baada ya kila mvua, yapige picha uwapelekee.

Kwa nani? Anza na bango la mradi lililo getini, lina majina ya mkandarasi na mhandisi mshauri. Nenda mchana, nenda na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kama unaona utapuuzwa, na uombe kuona cheti cha ukaguzi wa winchi. Wanaokagua vyombo vya kunyanyulia mizigo ni OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na malalamiko ya raia wanapokea. Bodi ya Usajili wa Makandarasi nayo ina meno. Ukiona kitu kimeanza kuanguka, mkono umepinda au mnara umelala upande mmoja bila mzigo, hapo si pa barua: toa watu, kisha piga 114 Zimamoto. Mimi nimekujibu kwa maelezo yako tu, sijaiona hiyo winchi. Lile bango la kitambaa na zile nondo vinahitaji mhandisi aje avione kwa macho.

Nimeiacha meza ya chapati mwisho kwa sababu ndiyo ya kufanya leo. Mzigo haupaswi kupita juu ya watu, hata mara moja. Fungu la nondo ni baya kuliko mizigo mingi kwa sababu limefungwa kwa slingi mbili, yaani kamba za kunyanyulia, na likiinama upande mmoja, nondo za katikati huchomoka moja moja kama njiti kwenye kiberiti. Haihitaji winchi ianguke. Waambie waliwekee eneo la ukuta wenu katazo kwenye ule mfumo ambao mlinzi anausifia, na kama hawana mfumo huo, waweke mtoa ishara mwenye filimbi upande wenu. Wakati unasubiri majibu, sogeza meza hadi upande wa geti la mbele, ng'ambo ya jengo lenu. Wateja wa chapati hufuata harufu, watakupata.